Ejo Mbili

Duka la kijiji cha Mugoma lilikuwa na vitu viwili vya kutegemewa: mimi na mizani. Chumvi ilikuja ikiisha mvua, sabuni ilikuja ikitaka yenyewe, na tangu vita vya Kagera vianze malori yote yalikuwa yakielekea upande mwingine. Mimi ni mtu wa Biharamulo mjini, mtoto wa wachuuzi, watu wa kupimia kwa macho kabla ya kupima kwa kibaba. Nililetwa Ngara niuze bidhaa za ujamaa, nikajikuta nalinda rafu. Kila asubuhi nilizihesabu. Mara mbili, maana mazoea hayaishi kwa sababu mali imeisha.

Watu walikuja hata hivyo. Lori likifika na wewe uko shambani, umekosa. Basi walikaa barazani na vikapu vyao tangu jua likiwa changa, na mtu akikaa na njaa ya sabuni huku hana la kufanya, ataanza kuuliza kuna nini nyuma ya kaunta. Siku moja nikatoa kitabu.

Nilikipata kwa dereva mmoja aliyeharibikiwa gari. Alitaka pakiti nzima ya sigara. Nikampa nusu, pamoja na shikamoo, naye alikuwa mdogo kwangu, kwa hiyo shikamoo ile ilimuuma akaondoka bila kudai salio. Kilikuwa kitabu cha mapenzi. Nesi wa siku hizi anainama kisimani kuchota maji, anatumbukia, anaibukia zamani za mababu, kabla ya magari. Huko anapendana na mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya misafara. Halafu kisima kinamrudisha nesi kwao, na mpagazi anabaki anamtafuta katika miaka isiyo yake.

Nilisoma kwa Kiswahili, lakini Kiswahili pale kilikuwa cha shule na ofisini. Bibi wengi walisikia Kihangaza tu. Kwa hiyo katekista, ambaye naye alikuwa akingoja sabuni kama kila mtu, akawa mfasiri. Mwislamu anasoma, Mkristo anafasiri, na wasio na dini zote mbili wanacheka kuliko sote. Alifasiri kwa sauti yake ya Jumapili. Palipoandikwa wamekumbatiana, alikohoa, akasema wamesalimiana.

"Salamu gani hizo za ukurasa mzima?" akauliza mama mmoja muuza ndizi.

"Za zamani," katekista akajibu. "Watu walikuwa na adabu."

Kila mmoja alikisikia kitabu kwa kidonda chake. Balozi wa nyumba kumi alitaka kujua kama nesi alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji. "Mtu anahama mwaka mzima bila ruhusa?" Mzee mmoja aliyehamishwa na operesheni ya vijiji, nyumba yake ya kwanza ikabaki huko mlimani na makaburi ya wazazi wake na migomba isiyopogolewa, aliuliza swali moja tu: huko alikokwenda nesi, watu walikaa kijijini kwa mistari, au kila mtu kwake?

"Kila mtu kwake, mzee."

"Basi niambieni kisima kiko wapi." Hakuna aliyecheka.

Mimi ningerudi mwaka uliotangulia, nikanunue sabuni. Niliwaambia hivyo, wakanizomea.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba wasikilizaji wa Kiswahili walibishana sana jinsi mtu anavyoweza kwenda jana, na wale wa Kihangaza hawakubishana hata kidogo. Nilidhani hawaelewi. Baadaye ndipo katekista akanieleza, kwa aibu kidogo, kwamba kwao jana ni ejo, na kesho ni ejo. Neno moja. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha upande, na yeye kwa haraka ya kufasiri alikuwa akivimeza vitenzi. Kwa hiyo nusu ya baraza langu ilikuwa ikisikiliza nesi aliyetoka ejo akaenda ejo, na kwao hilo halikuwa ajabu. Ilikuwa safari fupi.

Sasa, kati ya waliosikia kwa Kihangaza alikuwamo shemeji yangu. Simwiti shemeji kwa damu. Mumewe alikuwa mpakuzi wa mizigo hapo dukani na rafiki yangu, kijana mwenye mgongo mpana na mdomo mrefu. Ndiye aliyekuwa akiniona nahesabu tena magunia niliyokwisha kuyahesabu, akisema, "Kaka, unahesabu mara mbili. Kwani mara ya kwanza ulimdanganya nani?" Shemeji alikuwa ameolewa naye msimu mmoja tu, mgambo wakaitwa. Mume alipanda lori na wenzake hapo hapo mbele ya duka. Mkewe akamuuliza kitu kutoka chini. Injini ilikuwa inanguruma, naye akajibu neno moja.

Vita viliisha. Wengine walirudi, mmoja bila kidole, mmoja bila usingizi. Yeye hakurudi. Yule asiye na usingizi alisema walivuka mto pamoja, na kwamba upande wa pili alimtafuta akakosa kumwona. Hakuna karatasi iliyoletwa, hakuna mwili.

Kwao mtu asiyerudi huzikwa hata hivyo. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa shuka, likalazwa kaburini badala yake, ili waliobaki wapate mahali pa kukaa wakilia. Mama mkwe alitaka hivyo. Shemeji alikataa. Alikuwa na hoja, na hoja aliitoa kwenye baraza langu: mpagazi wa kitabuni naye watu wa kwao walimwita marehemu, kumbe alikuwa mwaka mwingine.

"Hamuwezi kuzika mtu aliyechelewa," aliwaambia wakwe zake.

Mama mkwe akaja dukani. Mwanamke mkavu, fimbo mkononi, kichwani kikapu kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rori limekuja?"

"Bado, mama."

"Sikuja kwa ajili ya rori." Akakaa, akahamia Kihangaza, na muuza ndizi akanifasiria. "Mwanangu, hicho kitabu chako kinamzuia mwanangu kufa. Kinaishaje?"

Nikamwambia hatujafika mwisho. Akasema basi tufike, leo, na mkamwana wake aitwe.

Waliitwa wote, na katekista naye akaja. Niliusoma ukurasa wa mwisho polepole kuliko kurasa zote, maana nilikwisha kuusoma peke yangu na nilijua mwandishi ametupunja. Mpagazi anafika kisimani akiwa mzee. Anaacha mzigo wake ukingoni. Anasema, "Kesho." Anaingia. Basi. Hakuna zaidi, haisemwi alitokea upande gani.

"Debe halikujaa hilo," alisema muuza ndizi.

Katekista alifasiri. Alipofika kwenye neno la mwisho hapakuwa na kitenzi cha kumeza. Akasema, "Ejo."

Mama mkwe akapiga fimbo chini. "Umesikia? Jana. Amekwisha kwenda."

"Kesho," alisema shemeji. "Anakuja."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi, mwenye karatasi. Shemeji akauliza kwa Kiswahili chake cha kisomo, akipima kila neno, "Shemeji, kimeandikwa nini? Usinionee huruma."

Katika maisha yangu nimesema bei nyingi ambazo hazikuwa bei. Ile siku sikuweza. Nilimwona yule mama amekaa na fimbo yake, akitaka kaburi tu, wala si kubwa. Nikasema, "Kimeandikwa kesho."

Shemeji alifumba macho. Nadhani alishukuru. Mama mkwe hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema taratibu, kwa Kihangaza, na katekista akanifasiria sikioni bila kuombwa:

"Sawa. Kesho. Na wangu naye alikwambia ejo pale kwenye lori, nilikuwepo, nikakuona ukiichukua kama kesho. Mimi pia niliichukua hivyo. Lakini ile kesho uliyopewa, mwanangu, imeshapita. Umeingoja mpaka ikawa jana, na jina halikubadilika, ndiyo maana hukuona."

Shemeji hakulia. Aliokota kikapu cha mama mkwe, akakiweka kichwani mwake juu ya cha kwake, wakashuka njia pamoja, mama mkwe mbele.

Walikata mgomba siku iliyofuata. Kijiji chote kilikwenda, hata balozi, hata yule asiye na usingizi, aliyesimama mbali. Shuka ilikuwa ya kitanda chao. Shina lilikuwa zito. Wanaume wanne walilibeba, na mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba mpakuzi mwenyewe angelibeba peke yake. Lilipofunikwa, shemeji aliinama, akasema, "Ejo."

Nikamsogelea katekista. "Amesema kesho au jana?"

"Amesema ejo," akanijibu, akanisogeza kando.

Nikarudi dukani kabla ya wengine, maana funguo zilikuwa kwangu. Lori la sabuni lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza tupu, na dereva anapigia honi kijiji kisichokuwepo. Tulipakua mimi naye, akilalamika. Nikazihesabu katoni. Nikazihesabu tena. Dereva alingoja, akatazama saa yake, hakuniuliza kitu.