Bega la Kushoto la Shemasi

Miaka huja Rissne, mtaa wetu huku ughaibuni, na kuyeyuka kama theluji, na bado shemasi wetu husimama mlangoni mwa kanisa akimsalimu kila mtu kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto, ulio stadi kuliko mwenzake, ameuficha mfukoni kama mtoto mtundu. Kwa huo hukata mkate akidhani hatumwoni. Kwa huo pia hulenga shabaha. Juma lililopita nilimsindikiza dukani kuchagua vilengeo vya chuma vya bunduki yake ya mashindano, vile vinavyofungwa ubavuni, kando ya darubini, ili mtu akiinamisha bunduki kidogo azione shabaha za karibu. Akizikosa tena Jumamosi, klabu yake ya kulenga shabaha itampa mwingine nafasi yake. Muuzaji akauliza ni vya upande upi. Shemasi alimtupia jicho mama mkwe wake, mgeni wetu kutoka Kakamega aliyefuatana nasi, akajibu kwa adabu, "Kulia." Akaiweka bunduki bega la kulia, akapinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe, na jicho lisiloijua kazi hiyo likatokwa na machozi. Mama akaguna.

"Baba Natalie, ni kweli, kwa kushoto hatuwasalimu wakwe. Hicho chuma ni mkwe wako?"

"La, mama."

"Basi geuza, baba. Viazi vyangu ulivimenya kwa mkono upi?"

Akaihamishia bega la kushoto, polepole, akitabasamu kama aliyesamehewa. Mola aibariki mikono yake yote miwili, awatunze mkewe na wanawe, na amzidishie mama mkwe nuru ya macho, ambayo kamwe haikuhitaji darubini.