Kupokea Kabla Hajamaliza

Mama yangu alihamia kwangu Geita baada ya baba kufariki, na kwa miaka mitatu alikuja kanisani kila Jumapili bila kuimba hata ubeti mmoja. Anakaa benchi la pili upande wa wanawake, mikono juu ya magoti, mdomo kaufunga. Mimi niko mbele naongoza kwaya ya akina mama, namwona. Siku moja tukiwa jikoni tunachambua mchicha nikamuuliza kama koo linamsumbua. Akasema koo halina shida yoyote.

"Nyimbo zenu hazina mahali pa kuingilia, mwanangu."

Iliniuma kidogo. Mimi ndiye niliyesoma sekondari ya jioni nikiwa na watoto watatu, nikamaliza kidato cha nne nikiwa nakaa dawati moja na watu wa umri wa mdogo wangu. Mimi ndiye ninayesoma nota za do re mi na kuwagawia akina mama sauti nne. Nilijua kazi yangu. Nikaendelea na mchicha.

Wiki hiyohiyo mzee wa kanisa akaniita pembeni baada ya ibada. Aliongea kwa heshima sana, ndiyo maana nikajua mambo si mazuri. Akasema baraza la wazee linaona kwaya ya akina mama iunganishwe na ya vijana. Vijana wana kinanda na spika, wakiimba watu wanasimama. Sisi tukiimba watu wanaangalia saa. Tuimbe Jumapili ya mavuno, kisha wataona. Kwetu mzee akisema ataona, ameshaona tayari.

Kwaya yetu ina akina mama kumi na mmoja. Karibu nusu yao wanafanya kazi kwenye mialo, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa na kuoshwa. Mtu anashinda wiki nzima kwenye vumbi, kichwa cheupe kama ametoka kwenye unga, halafu Jumapili anavaa sare ya kitenge na kusimama mbele za Mungu akiwa na sauti yake. Sikuwa tayari kumwambia hata mmoja wao akaketi. Nikaomba, nikafunga siku mbili, halafu nikaenda kwa mwalimu wa kinanda wa vijana kumsihi atuwekee ngoma na sisi.

Akakubali bila maringo. Tukamwimbia wimbo wetu wa toba, yeye akabonyeza kitufe, zikatoka ngoma, besi, na kitu kinacholia kama sahani. Hatujafika nusu ya ubeti, mama mmoja akaanza kutikisa mabega. Mwingine akamuuliza kama anatubu au anamsindikiza bibi harusi. Tulicheka mpaka tukashindwa kuendelea, na mwalimu naye akacheka. Halafu akafanya jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Alianza kuondoa sauti mojamoja. Akaondoa ngoma, akaondoa sahani, akaondoa besi, ikabaki sauti moja nene ya chini, ndefu, kama upepo kwenye mdomo wa chupa. Akatuambia tuimbe tena. Wimbo uleule, maneno yaleyale, na yule aliyetikisa mabega akawa anafuta machozi.

"Nimeuvua koti tu, mama," akaniambia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafikiria hilo koti. Nikajiuliza nyimbo za nyumbani kwetu Songwa zilivaa nini.

Kule tulilima pamba kwa jembe, majirani wamekuja kusaidia, ngoma iko pembeni ya shamba. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Ila hawamsubiri amalize. Neno lake la mwisho bado liko mdomoni, wao wameshaingia, na yeye anaingia tena juu yao kabla hawajatua. Hakuna upenyo. Jua linawaka, mgongo unauma, lakini huwezi kusimama maana sauti haijasimama. Unainua kichwa, kumbe shamba limekwisha. Mama yangu alikuwa mwanzishaji. Watu walimwita kutoka vijiji vya mbali.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizika. Nilipokuwa msichana, kanisani kwetu kulikuja mwalimu wa kwaya mwenye nota ubaoni. Alitufundisha sauti nne zinazopanda pamoja, polepole, bila ngoma. Siwezi kuidharau kazi yake. Ukisimama katikati ya zile sauti nne ulijiona uko ndani ya nyumba ya mawe, kuna ubaridi, na Mungu yupo humo. Nilijifunza kicho pale. Lakini alitufundisha pia kusubiri. Anayeongoza amalize, hesabu moja, ndipo uingie. Ukiwahi, anagonga meza. Mama yangu aliwahi kila wimbo. Aligongewa meza Jumapili baada ya Jumapili, mwisho akaambiwa kwa upole akakae kwenye mabenchi. Nami nilikuwa kwenye mstari, nimevaa sare, nikamwonea aibu.

Na sasa meza naigonga mimi.

Jioni hiyo nilimwambia mama yote, pamoja na ile aibu. Akasema aliiona siku ileile, akanisamehe siku ileile, na kama chai ipo tunywe.

Jumamosi nikawaambia akina mama tubadilishe. Nikianza, mnipokee kabla sijamaliza. Walishindwa. Nilikuwa nimewafundisha kusubiri kwa miaka sita, na mmoja akanikumbusha kwamba mwaka jana nilimfokea mbele ya watu kwa kuwahi. Nikaomba radhi. Halafu nikaenda nyumbani nikamleta mama.

Hakutaka kusimama. Akaomba ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alisikiliza mara mbili, akatingisha kichwa.

"Mkimwacha amalize," akasema, "mmemwacha peke yake."

Halafu mama mmoja anayefanya kazi mwaloni akasema, kumbe ni kama nyundo. Zamani, akaeleza, kabla mashine za kusaga hazijaja, tulikaa wanne tukiponda kwa nyundo, na tulizipishanisha. Yangu inapanda, yako inatua, sauti haikatiki. Siku hizi ukikaa karibu na mashine huimbi, unapiga kelele tu usikike. Wote walielewa. Tukaanza tena tukipiga viganja kama nyundo zile, na safari hii hakuna aliyehesabu. Mama akasema, "Wabeja." Kwa lugha ya kwetu hiyo ni asante, na yeye huwa haitoi ovyo.

Jumapili ya mavuno madhabahuni kulikuwa na mahindi, pamba, viazi, na jogoo aliyefungwa miguu akilalamika. Nilikuwa nimemwomba mwalimu wa kinanda kitu kimoja tu, ile sauti nene ya chini, basi. Ubeti wa kwanza nikauanza peke yangu. Nikakaribia neno la mwisho na sikusikia mtu nyuma yangu. Hofu ilikuwa imewarudisha kwenye kusubiri.

Aliyenipokea alikuwa benchi la pili. Sauti ya shambani, kavu, ikapanda juu ya neno langu kabla sijalitoa lote, na hapohapo akina mama wakaingia kama waliofunguliwa mlango. Ubeti wa pili tukasimamisha sauti nne, zile kuta za mawe. Ubeti wa tatu tukazipishanisha. Hapo watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kupokea na wao, wakulima, wachimbaji, watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyewafundisha wimbo, lakini mahali pa kuingilia walipajua tangu utotoni. Mzee wa kanisa naye aliingia, tena kawahi kuliko wote.

Baada ya ibada sikusikia neno la kuunganishwa. Mzee aliniuliza mazoezi ni saa ngapi, maana mke wake anataka kuja. Kwaya ya akina mama ipo mpaka leo, na tuko kumi na tisa.

Mama alishonewa sare, akailalamikia kwamba ni fupi, ikaongezwa pindo. Anasimama mwisho wa mstari wa sauti ya pili. Anawahi hata kwenye zile nyimbo za nota ambazo kweli mtu anapaswa kusubiri. Akina mama huniangalia waone nitafanya nini. Meza iko palepale karibu na mkono wangu, nami huendelea kuongoza.