Gari Bila Ndia

Mimi hakuna cha kunishangaza. Shule niliachia darasa la nne, na leo ukilala juu ya samadari nzuri hapa Lamu, uliza imechongwa na nani.

Kwa hiyo Mtaliano mmoja, mchoraji wa magari ya kasi, aliponijia karakanani na michoro yake, sikutikisika. Gari lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Kompyuta imelimaliza, alisema, lakini yeye haliamini umbo mpaka alipapase, kama mafundi wa zamani wa kwao walioanza na gari la mti kisha wakagongea bati juu yake. Alilitaka la mti, zima, viti viwili ndani, bila kiungo hata kimoja. Jumamosi asubuhi lipakiwe gatini kwenye tishari la kulipeleka melini. Likichelewa, meli ya kwao haingoji.

"Litafika gatini chai yako haijapoa," nikamwambia, mtaa mzima unasikia.

Nikaliunda. Nikapiga msasa hadi kiganja kikateleza toka pua mpaka mkia. Mtaliano akafumba macho, akapapasa bega la nyuma, akasema nipunguze unywele mmoja. Nikapunguza. Akanikumbatia! Watu walikuja kulitazama kama bibi harusi.

Ijumaa baada ya sala akachungulia mkwe wangu, mamake mke wangu, anayekaa pale konani.

"Bwana Fundi, gari nimeliona. Ndia yake i wapi?"

Nikacheka. Kisha cheko likanikauka. Samadari zangu zote hutoka vipande vipande, zikaungwa huko ziendako. Gari hili ni mita mbili kwa upana, ndia yetu, njia ya mtaani, imepimwa kwa punda, na pale konani, penye wembamba zaidi, limekaa baraza la Mama la mawe.

"Mama..." nikaanza.

"Usinililie. Baraza likivunjwa, litapita?"

"Litapita. Vidole viwili kila upande."

"Basi vunja. Lakini wa kwanza kulipanda ni mimi."

Jumamosi tulilivuta kwa kamba juu ya magogo, kama mashua, naye ndani ameshika uteo wa kupepetea ndio usukani, akiwapigia punda kelele: "Simile! Simile! Hamuoni gari?" Tukafika gatini. Mtaliano alikuwa bado anapuliza chai.

Baraza jipya mkwe wangu alilitaka pana kuliko la kwanza, chokaa safi, na mto wa kuegemea. Nikalipa shilingi elfu thelathini na saba, mia nne na hamsini.