Mguu wa Kulia wa Mama

Mama yangu ana matende. Miguu yote miwili imevimba, lakini wa kulia ndio uliozidi: kuanzia gotini kushuka umekuwa gogo, ngozi imekakamaa na kupasuka, na kati ya vidole hutoka maji yanayonuka. Aliyapata huko mashambani, upande wa Katana, kwa miaka mingi ya kulima peku kwenye udongo mwekundu. Hivyo ndivyo madaktari wanavyosema siku hizi. Majirani zetu wa Kadutu, mtaa wetu hapa mjini, walisema alikanyaga dawa aliyotegewa njiani, na mpaka leo wapo wasiokalia benchi aliloinukia.

Parokiani kwetu, kila Alhamisi Kuu, padri huosha miguu ya Wakristo kumi na wawili. Kila shirika, yaani kikundi cha Wakristo wa mtaa mmoja, hutoa mtu wake. Anayechaguliwa hujiandaa kama bibi harusi. Anaisugua miguu nyumbani kwa jiwe na sabuni, anakata kucha, anapaka mafuta, anavaa soksi mpya. Padri huishia kuosha miguu inayong'aa kuliko uso wake mwenyewe, na waamini wote hutazama kwa unyenyekevu mkubwa.

Mwaka mmoja shirika letu lilimchagua mama. Alishona kitenge. Siku moja kabla ya sherehe, rais wa komite ya parokia akaja nyumbani, akaketi, akanywa chai yetu mpaka tone la mwisho, kisha akasema:

“Maman, usikasirike. Ile muguu yako, batu bataangalia yeye, habataangalia padri. Itaharibisha sherehe. Ubakie tu nyuma, Mungu anaona moyo.”

“Sawa, papa,” mama akajibu, na akamsindikiza mpaka barabarani huku akichechemea. Kitenge kikakunjwa na kuwekwa chini kabisa ya sanduku. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na niliapa pale pale kwamba ule mguu utaoshwa mbele za watu. Si na padri. Na yeye, rais wa komite.

Nikasoma mambo ya afya, nikapata kazi hapa Bukavu kwenye chama kinachohudumia watu kama mama. Kazi yenyewe haina maajabu: kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri, kuupaka mafuta, kuufunga bendeji, kuuvalisha kiatu kinachoutosha. Anayekosekana ni mkubwa wa kulitamka neno matende mbele ya wakubwa wenzake. Wakuu wa dunia wanapokutana kuzungumzia afya, huzungumzia magonjwa yanayoua upesi au yanayovuka mipaka. Matende hayapandi ndege, basi hayawatishi. Yanakukalisha nyuma tu, na huko nyuma hakuna anayekutazama.

Yule rais wa komite naye alipanda cheo. Akawa mshauri wa serikali kule Kinshasa, na ikaja habari kwamba ndiye atakayesema kwa niaba ya nchi kwenye mkutano mkubwa wa viongozi. Kabla ya safari angetutembelea pamoja na mabalozi kadhaa, ili asikie ni ugonjwa gani upewe kipaumbele. Wenzangu wakaanza kufikiria nyimbo na Fanta. Mimi nikaomba kuongoza programu, na wakanishukuru kwa kujitolea.

Asubuhi ya siku ile nilimwambia mama, “Leo usioshe muguu.” Alinitazama kidogo, akaenda kufungua sanduku. Nilitaka kumkodishia pikipiki. Alikataa. Akapita nyuma ya soko la Kadutu, kile kinjia cha mboga zilizooza, na mvua ilikuwa imenyesha. Alifika ndani ya kitenge kile kile, matope mpaka magotini, na amejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu zamani.

Hotuba zilipokwisha nilishika kipaza sauti. Nikasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba waheshimiwa wetu, kabla ya vinywaji, watauonyesha ulimwengu kuwa miguu ya wagonjwa waliokaa hapa inaguswa: kila mheshimiwa ataosha mgonjwa mmoja. Mabeseni yakatolewa chini ya meza. Waandishi wa habari wakakimbilia mbele na kamera zao. Nani angekataa? Mama nilimkalisha mbele ya mshauri kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama aliutumbukiza mguu wa kulia, na nusu ya maji ikamwagikia suruali ya mheshimiwa.

“Papa Prezida, unanikumbuka?” mama alimuuliza, kwa sauti ile ile aliyomkaribishia chai. “Ni miye wa ile muguu yenye ingeharibisha sherehe.”

Mikono ya mheshimiwa ilisimama ndani ya maji. Alinitazama mimi, akazitazama kamera.

“Osha tu, papa,” mama akasema. “Mungu anaona moyo.”

Akaosha. Nilisimama juu yake na taulo, na kila alipotaka kuinuka nilimkumbusha, “Kati ya vidole pia, mheshimiwa.” Harufu ilimpanda puani, machozi yakamtoka. Sikumhurumia hata kidogo. Nilifurahi, na nikiikumbuka siku ile bado ninafurahi. Mguu wa kulia ulipotakata alisimama haraka, akasema ndege inamngoja.

Mkutano tuliutazama kwenye simu, mama na mimi. Mshauri akasimama mbele ya marais, akalitamka neno matende, kisha akainua mikono juu: kwa mikono hii, alisema, nimeosha mguu wa mama mmoja wa Bukavu. Wakampigia makofi. Wakaahidi kuuweka ugonjwa huo mbele. Ndicho nilichokuwa nikikitafuta miaka yote ya kazi yangu, na badala ya kushangilia nilikasirika. Hata kuoshwa kwa mama alikuwa amekugeuza sifa yake. Hakusema ni nani aliyemrudisha nyuma kanisani.

Mama aliomba niirudishe ile video. Akaitazama mpaka mwisho, miguu yake juu ya kigoda.

“Bameahidi sabuni?”

“Bameahidi, mama.”

“Na viatu?”

“Na viatu. Lakini bale batu banasahau mbio.”

Aliiangalia miguu yake, mmoja baada ya mwingine.

“Basi umuambie arudie,” alisema. “Ya kushoto hajaosha.”