Mkwe Anasingiziwa Jini, na Vidonge Vilikuwa Vyangu

Jina langu lificheni, maana Moroni ni ndogo na Mutsamudu ni ndogo zaidi. Nina miaka sitini na kitu, mjane, nina wajukuu tisa. Nimesoma chuo cha Kurani tu. Kiswahili nilikulia nacho Unguja kabla ya kuolewa huku Moroni. Nina ugonjwa wa sukari, na mwanangu aliye Ufaransa hunitumia vidonge.

Mdogo wangu yuko Mutsamudu, kisiwa kingine. Alikuwa akilalamika kiu na kwenda haja kila saa, na sisimizi wanajaa pale anapokojoa. Nikamwambia hiyo ni sukari, mimi naishi nayo, naijua. Daktari wa nini? Mwezi uliopita mwanawe alipooa, nikampelekea nusu ya vidonge vyangu. Uwanja wa ndege wale mamluki wa kizungu wanaomlinda rais walinimwagia mkoba wote, wakatikisa kichupa sikioni kama watoto wenye kayamba, wakanirudishia. Laiti wangekitupa.

Asubuhi ya karamu nilimwambia kwa mdomo wangu huu: "Leo kuna halua na wali wa maziwa. Meza viwili kabisa, vikingoje chakula." Akameza. Harusi zetu mnazijua? Wakubwa wa mji wanakula kwanza, kisha hotuba, kisha wageni, na sisi wanawake wa nyumbani tunakula sufuria zikishafika chini. Alasiri ilimkuta hajatia kitu kinywani. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akawa anatukana watu anaowaheshimu, mwisho akaporomoka kama gunia.

Wakasema jini. Mama mmoja anayejidai kuyajua mambo hayo akasema jini anataka tamu, akampaka asali mdomoni. Akalamba, wakamwongeza. Haukupita muda akafungua macho, akauliza shiromani yake ya kujitanda nani kaivaa. Basi, ushahidi umepatikana: jini, tena katumwa. Na nani? Mama wa bibi harusi, kwa kuwa wiki ile walizozana nani akae mbele. Wakaniuliza mimi mkubwa wao. Nikasema, Mungu anisamehe, hata mimi jicho la yule mama silipendi.

Juzi nilikwenda hospitali kupimwa, nikamsimulia muuguzi kisa hicho kwa kujigamba. Msichana makamo ya mjukuu wangu, akaweka kalamu chini. "Koko," akaniambia, kama wajukuu zangu wanavyoniita, "hilo si jini. Sukari ilianguka. Dawa hii inaishusha, umekula hukula, na wewe umempa mtu ambaye hajapimwa. Asali ndiyo iliyomwinua. Siku nyingine anaweza asiinuke." Kasema vya kwangu ni vyangu peke yangu, mdogo wangu aende apimwe, apewe kiasi chake. Nikamkemea kwa kunifundisha, nikatoka; lakini nilijua kasema kweli.

Sasa sikieni ukaidi. Jana nimempigia simu kwa jirani yake, nikaacha neno asivimeze tena mpaka apimwe. Jibu lililorudi: "Mwambieni dada vidonge ni vya sukari, si vya jini. Kama amechoka kunigawia, aseme." Kwa hiyo anameza, na havijaisha. Tena mdogo wangu amemtoa mwanawe nyumbani kwa mkewe, maana huku mume huhamia kwa mke, eti asilale nyumba ya mchawi. Na nikimwandikia barua, hajui kuisoma. Atasomewa na mwanawe huyo huyo.

Alhamisi kuna ndege, nami nakwenda. Nikimweleza faragha ataacha vidonge, lakini mama wa watu atabaki mchawi na wale vijana watabaki mbali mbali. Nikisema mbele ya wote, mimi niliyezoea kuuhukumu ukoo mzima nitakuwa sina mdomo tena, na mdogo wangu huenda asinisamehe. Msiniambie nisubiri, mwenzangu anameza kila siku. Msiniambie nisali, nasali. Niambieni ninyi mliowahi kufanya kosa kubwa mkiwa watu wazima: nikishuka, nibishe mlango wa nani kwanza, wa mdogo wangu au wa yule mama?