Sarafu Kumi na Saba za Winfred Mwende

Winfred Mwende Mutua, binti wa Mutua mhunzi wa Mwingi, ndiye aliyewasomesha wadogo zake wanne, ndiye aliyemwezekea mamake nyumba ya mabati, ndiye aliyemtunza bosi mzee wa Sulimaniyah, Riyadh, miaka tisa bila kuvunja kikombe. Naandika kwa sababu watu humtaja kwa kosa moja tu.

Mzee huyo alikuwa na sarafu za shaba za miji ya Wayunani, za siku Warumi walipoanza kuwatawala. Upande huu kichwa cha Kaisari, upande ule mungu wa mji na jina la mji. Winfred aliijua Efeso na Smirna kutoka Biblia, basi mzee akamwachia azipange.

"Mrumi aliwaachia wajitengenezee shaba ya sokoni," alimwambia, "nao wakaandika jina lao humo."

Mamake Winfred akaugua. Mzee, akiwa amelazwa hospitali, aliahidi kutia sahihi likizo yake akitoka. Kwa furaha Winfred alitaka mzee akute nyumba inang'aa. Akachukua ndimu na majivu ya chetezo, kama tunavyosugua sufuria za harusi kwetu, akasugua sarafu kumi na saba zikametameta kama vifungo vya askari.

Mzee alirudi, akaishika moja.

"Winfred, umezichuna ngozi."

"Nilidhani ni kutu, baba."

"Kutu hiyo ndiyo iliyozilinda."

Hakumfokea. Ila mwanawe mkubwa, aliyeshika pasipoti ya Winfred na ikama, kibali chake cha kuishi nchini, alisema: "Halas, basi. Likizo mafi, hakuna." Mzee akairudisha sarafu mahali pake. Mwezi uliofuata Winfred aliona mamake akizikwa, kwenye simu, vitunguu vikiungua jikoni.

Mzee alipofariki, sarafu na Winfred wakapelekwa Jeddah kwa bintiye. Huko ndiko nilikomjua. Kila Ijumaa alikuja chumbani kwangu Al-Mahjar, akanywa chai, akanisimulia haya. Sasa figo zimemshinda, anarudishwa nyumbani. Jumatano nilienda kumfungia mizigo, nikamkuta na Maureen, msichana aliyeletwa kushika kazi yake, wameinamia sarafu.

"Vumbi tu, kwa brashi kavu," alimwambia. "Maji hapana. Ndimu hapana."

"Kwani ni mayai, mama?"

"Mayai yangeanguliwa. Hizi kumi na saba usiziguse hata kwa kitambaa. Zitaota ngozi tena, polepole. Mimi sitaiona. Wewe kila mwaka ziangalie, uniambie zimefika wapi."

Akampa brashi.