Ukuta wa Unga wa Mbao

Mama yangu alipokuja kutoka kaskazini, kando ya mto Lualaba, kunisaidia kujifungua, hatukuwa na mahali pa kumlaza. Nyumba yetu ya matofali pale cité, mtaa wa Waafrika, ilikuwa na vyumba viwili, lakini hata ingekuwa navyo kumi isingesaidia. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Ndiyo heshima ya buko, yaani ukwe. Na mimi, mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika. Bila mama karibu niliogopa hata kuinua ndoo.

Mume wangu alikuwa seremala wa karakana ya reli. Akasema atamjengea mama chumba uani, nyuma ya mipapai. Alisimamisha nguzo, akapigilia mbao za makasha yaliyoleta mashine kutoka Ulaya. Herufi nyeusi bado zilisomeka, na majirani wakamuuliza kama mkwe wake naye ni mashine. Akawaacha wacheke. Baridi ya mwezi wa sita huku si ya mchezo, asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na mama alikuwa ametoka penye joto. Kwa hiyo akajenga ukuta kama ule wa mabehewa ya kubebea nyama: mbao nje, mbao ndani, na katikati nafasi ya upana wa kiganja. Nafasi hiyo akaijaza unga mkavu wa mbao uliochanganywa na chokaa, ili mchwa wasiutamani. Chini ya malata, mabati ya paa, akatandaza magunia yaliyopakwa chokaa, maana malata peke yake hudondosha maji alfajiri. Nilimtania kwamba mimi hajawahi kunijengea hata banda la kuku.

Mama aliingia, akapapasa ukuta, akaridhika. Lakini kazi ilikuwa imefanywa haraka, unga haukushindiliwa. Kila mlango ulipobamizwa, unga ulishuka kidogo, mpaka chini ya dirisha, pale pale penye kichwa cha kitanda, pakabaki patupu. Mama akaanza kukohoa. Hakusema sababu, kwa kuwa kulalamikia nyumba uliyojengewa na mkwe ni aibu. Aliniambia tu kwamba amekumbuka nyumbani, atapanda treni ya Jumamosi. Nililia mbele yake kama mtoto mdogo. Ndipo akakubali kunionyesha upepo ulikopita.

Mume wangu angeweza kuingia kuziba, kama mama angetoka. Lakini mama kifua kilikuwa kimembana, na huko nje baridi ilikuwa kali. Basi akazunguka nyuma, akabandua ubao wa nje chini ya dirisha, akaanza kujaza unga na kuushindilia kwa mpini wa nyundo. Mama alikuwa amelala upande wa pili wa ubao, mimi nimekaa miguuni pake. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akausemesha ukuta:

"We ukuta, aksanti. Ule mwenye alikujenga, Mungu amuchunge. Mi nitabakia mpaka mutoto azaliwe."

Nje, nyundo ikanyamaza. Sikuwahi kumpenda mwanaume yule kama saa ile, na hata leo nikimkumbuka naishukuru mikono yake.

Nilijifungua humo humo, maana pale kwetu hakukuwa na chumba chenye joto kuliko kile. Mume wangu aliambiwa aende kukaa kwa majirani, akakataa. Alisimama nyuma, chini ya dirisha lile. Mtoto alipolia, mama hakumwita wala hakutoka. Aliinama, akagonga ubao kwa vidole, akauambia:

"Ni mutoto mwanamuke. Mama na mutoto, bote babili beko bazima."